Jenereta ifuate mvuke

Mtambo wa kuzalisha stima na joto kwa pamoja ukitajwa, wengi hufikiria nchi za baridi, ambako maji ya moto husafirishwa kwa mabomba hadi majumbani. Mombasa nani ataka kupashwa joto? Lakini kiwandani kwetu Changamwe mvuke ni pesa, na boila isiyopata joto la bure hunywa mafuta.

Hesabu yangu huanza na lita moja ya dizeli. Ina takriban uniti 10 za nishati. Jenereta nzuri hukupa uniti 4 za stima. Zilizobaki huondoka kama joto, nyingi kwenye moshi na maji ya kupoza injini. Moshi wa nyuzi 350 ukipita kwenye boila ya moshi, ichemshayo maji kwa joto la moshi bila kuchoma mafuta, hadi ukashuka 190, warudisha kama uniti moja na nusu ya mvuke. (Ukichoma mafuta mazito usiushushe sana: salfa hugeuka tindikali ikala bomba.) Mvuke huo waokoa karibu sehemu moja ya tano ya lita kwenye boila ya kawaida, ya mafuta. Mvuke ukikosa mtumiaji, lita nzima yalipia uniti nne tu.

Ndiyo maana vijana wa zamu nawauliza swali moja: mvuke waenda wapi? Tangu Desemba 2017, Kenya Power huwauzia viwanda uniti kwa nusu bei, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, kwa matumizi yanayovuka kiwango walichowekewa. Usiku ambao matangi ya kupikia ya kiwanda, yatumiayo mvuke, yamelala, mimi huzima jenereta na kununua stima. Kuiacha jenereta ingurume kwa mzigo mdogo ni hasara mara mbili: mafuta zaidi kwa kila uniti, na masizi ndani ya boila.

Kuna wiki tatu zilinitia aibu. Jenereta yafanya kazi, na boila ya mafuta nayo yawaka moto wote. Nikapanda ngazi kusoma geji ya moshi baada ya boila: 335! Kilango cha kuchepushia moshi usipite kwenye boila kilikuwa kimekwama wazi, joto lote laenda angani. "Injinia, hiyo geji husoma hivyo siku zote," kijana akaniambia. Siku hizi geji hiyo huandikwa daftarini kila saa, kabla ya kilowati.

Maji ya injini, nyuzi 85 hadi 90, hayatoi mvuke. Tunayapeleka kwenye friji ya lithiamu bromaidi, ipozayo kwa kutumia joto badala ya stima: uniti moja ya joto, takriban 0.7 ya ubaridi kwa ghala. Machi, hewa ikiwa nzito kabla ya masika, mnara wa kupozea, utoao joto la friji hiyo hewani, huzidiwa, na mchana nalazimika kuwasha friji za kompresa za stima. Hapo bado tunapambana.