Ranchi iliyoachwa haikai tupu: namna ya kuisoma ardhi ya Nyabushozi

Uganda haina jangwa la kweli, na anayetafuta mchanga mtupu na mifupa ya ng'ombe iliyopaushwa na jua itambidi avuke mipaka. Tulicho nacho ni ushoroba wa ng'ombe, ukanda mkavu unaoikata nchi mshazari kuanzia Isingiro na Kiruhura upande wa kusini-magharibi, ukapita Sembabule na Nakasongola, hadi Karamoja. Ndani yake zimo ranchi ambazo wenye hati waliziacha katika miaka ya 1970 na 1980, na kazi yangu ya utaalamu wa nyanda za malisho hunifikisha kwenye baadhi yake, hasa zile za Nyabushozi, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo.

Tofauti na jangwa inafaa ieleweke mapema. Katika jangwa la Mojave, nchini Marekani, alama za vifaru vilivyofanyiwa mazoezi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia bado zinaonekana juu ya ardhi, kwa kuwa hakuna mvua ya kuzifuta wala majani ya kuzifunika. Nyabushozi hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mchwa wake hawamsubiri mtu. Mlango wa mbao, boriti ya paa na nguzo isiyotiwa dawa huliwa katika miaka michache. Kwa hiyo mtu anayeingia kwenye ranchi ya namna hii akitegemea kuikuta kama ilivyoachwa ataona saruji, vyuma na miti tu, na itambidi ajifunze kusoma miti zaidi ya anavyosoma majengo.

Ranchi hizi zilizaliwa na vita dhidi ya mbung'o. Katika miaka ya 1950 mbung'o walienea Nyabushozi, nagana, ugonjwa wanaouambukiza, ikaua mifugo, na wafugaji wengi wakahama. Serikali ilijibu kwa njia tatu: kuwapiga risasi wanyamapori ambao damu yao huwalisha mbung'o, kama vile nyati, ngiri na pongo, kufyeka vichaka wanamojificha, na baadaye kunyunyiza dawa. Ardhi iliyosafishwa hivyo haikurudishwa mikononi mwa wafugaji kwa utaratibu wao wa zamani. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, ilipimwa na kukatwa vipande vya takriban maili 5 za mraba kila kimoja, yaani kama hekta 1,300, chini ya mpango uliojulikana kuwa wa ranchi za Ankole na Masaka. Kila kipande kilitakiwa kiwe na seng'enge, josho, bwawa la kunyweshea na mwenye hati mmoja. Naliona jambo hili la mwenye hati mmoja kuwa ndilo chanzo cha yote yaliyofuata, lakini nitalirudia mbele kidogo.

Kabla ya kufika ardhini mimi huanzia mezani. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000, zilizo katika idara ya upimaji na ramani mjini Entebbe, huonyesha njia na vijito. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana tangu mwaka 1972, na tangu 2008 hutolewa bure. Zile za mwanzo ni hafifu, kiasi kwamba zizi haliwezi kuonekana, lakini kuanzia 1982 zilikuja ambazo kila chembe ya picha hufunika mita 30 za ardhi, nazo zinatosha kutofautisha kichaka na nyasi. Mtego mkubwa uko kwenye majira. Ukilinganisha picha ya Aprili na ya Julai utadhani ranchi imeungua au imekufa, kumbe ni kiangazi tu. Mimi hutumia picha za Julai, nyasi zikiwa zimekauka na migunga ingali na majani, kwa sababu wakati huo kichaka hujitenga chenyewe na malisho.

Ukishafika, kitu cha kwanza kukosekana ni seng'enge. Watu waliihitaji mahali pengine wakaichukua, na nguzo zikawa kuni. Hata hivyo mpaka haukupotea. Pale ambapo mwenye ranchi alipanda minyaa kuufuata waya, ua bado umesimama, umenenepa na kurefuka hadi kimo cha nyumba, ukinyooka katikati ya pori lisilo na mstari mwingine wowote ulionyooka. Minyaa hailiwi na mnyama wala haikauki upesi, na kila tawi lililoanguka huweza kuota. Kwenye picha za setilaiti mistari hiyo huonekana wazi, nami huitumia kupata pembe za ranchi pale hati zinapobishaniwa.

Nyumba ya msimamizi kwa kawaida haina mengi ya kusema, kwani bati zake zilishaondoka. Josho ndilo linalostahili muda. Ni handaki jembamba la saruji lenye kina kinachopita kimo cha mtu, ambalo ng'ombe alirukia upande mmoja, akaogelea, akapanda ngazi upande wa pili na kusimama kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa iliyomdondoka irudi shimoni. Katika josho moja nililolichunguza, kingo za ngazi zilikuwa zimelika katikati kwa kwato, zikabaki kali pembeni; na kwenye ukuta wa ndani zilikuwapo alama za kupimia maji, zilizomwezesha mtumishi kujua aongeze dawa kiasi gani. Chini ya alama hizo palikuwa na mkanda wa rangi ya kutu, mahali maji yalipotulia kwa muda mrefu baada ya watu kuacha kuogesha. Kwenye ufa wa sakafu mkuyu ulikuwa umeota, bila shaka kutokana na mbegu iliyoachwa na ndege, na mizizi yake ilikuwa ikiinua saruji.

Hapa natoa tahadhari ambayo wapenda magofu huipuuza. Majosho ya zamani ya Afrika Mashariki yalitumia sumu ya arseniki kuua kupe, kisha dawa ya wadudu iitwayo toksafeni, kabla ya kuja dawa zinazooza upesi zaidi. Arseniki ni elementi, kwa hiyo haiozi kamwe. Toksafeni nayo imo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti kemikali sugu zenye sumu, kwa sababu hudumu udongoni. Matope yaliyochotwa shimoni yalimwagwa hatua chache tu kutoka hapo. Usilime mahali hapo, usinyweshe mifugo maji yaliyotuama ndani yake, na usiruhusu watoto wacheze humo hata kama panaonekana pakavu.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yako kwenye uoto. Wageni wengi husema kwamba ranchi imerudia uasilia wake, usemi ambao siukubali. Nyanda za Nyabushozi za kabla ya ranchi zilitunzwa na moto na kwato: wafugaji walichoma nyasi kuukuu mwishoni mwa kiangazi, na moto mkali uliua miche ya migunga. Mifugo mingi ikikaa mahali pamoja mwaka mzima, hazibaki nyasi kavu za kutosha kuwaka, moto unakuwa wa chini, na mgunga unapona. Ule uitwao Acacia hockii ni mkaidi zaidi ya wote, maana ukiukata huchipua upya kutoka mizizini, shina moja likawa manne au matano. Sambamba nao huja omutete, kama Wanyankole wanavyouita, nyasi ndefu ya jamii ya mchaichai ambayo ng'ombe huikwepa kwa ladha yake; kila mmea mwingine unapoliwa, wenyewe unabaki na kutanuka. Matokeo yake ni kichaka kizito chenye nyasi isiyolika, kitu ambacho hakikuwapo kabla ya seng'enge. Swala pala na punda milia wanaotoka hifadhini wamekizoea, na leo hukaa nje ya hifadhi bila wasiwasi.

Katikati ya kichaka hicho mara nyingi utakuta uwanda mdogo wa duara wenye ukoka mfupi wa kijani, bila mgunga hata mmoja. Hapo palikuwa na zizi. Samadi ya miaka kadhaa iliujaza udongo naitrojeni na fosforasi. Naitrojeni huondoka taratibu, lakini fosforasi hushikamana na udongo na kubaki kwa miongo mingi. Wanyama wanapapenda kwa utamu wa nyasi zake, hivyo huendelea kuzila hadi chini na kupaongezea mbolea. Nikichota udongo ndani ya duara na nje yake, fosforasi peke yake hutosha kunionyesha ukingo wa zizi ulipopita. Jambo hili si geni katika nchi hii: kule Ntusi, wilayani Sembabule, vilima vikubwa vya taka vyenye mifupa ya ng'ombe na vigae vimehifadhi habari za wafugaji walioishi hapo takriban miaka 1,000 iliyopita.

Maduara hayo ndiyo yaliyonifanya nilitilie shaka neno "iliyoachwa". Katika ranchi moja yalikuwa mengi mno, na mengine yalikaa mahali ambapo mpango wa awali haukuweka zizi lolote. Nilimwuliza mzee mmoja anayechunga pale, mwanajeshi mstaafu ambaye nilizungumza naye Kiswahili. Nilipomwamkia shikamoo alicheka, akasema, "Marahaba mwanangu. Lakini nani amekuambia hapa paliachwa? Aliyeondoka ni mwenye hati. Sisi na ng'ombe tulikuwapo." Historia inamuunga mkono. Wenye ranchi wengi hawakuishi kwenye ranchi zao, na baada ya machafuko ya Amin na vita vya 1979 baadhi walipoteza mifugo yote. Wafugaji walioitwa maskwota, yaani wasio na hati, walikuwa wakilisha humo miaka yote hiyo, mara nyingine kwa kulipa. Mwaka 1990 mgogoro ulilipuka, na serikali ikaunda bodi ya kuzigawa upya ranchi hizo. Katika picha za setilaiti, vijia vya ng'ombe vinavyokatiza mipaka ya zamani vinaonekana kabla ya mwaka huo, jambo linaloonyesha kwamba bodi ilikuja kuthibitisha sehemu ya mgawanyo uliokuwa umekwisha kufanyika ardhini.

Kumbukumbu iliyopangika vizuri kuliko zote ilikuwa chini ya bwawa. Tope la kila masika hutua juu ya lile la masika yaliyotangulia, na ndani yake mna chavua, mkaa wa moto wa nyikani na udongo uliomomonyoka kutoka malishoni, kiasi kwamba mabadiliko ya uoto niliyoyaeleza yangeweza kufuatiliwa tabaka kwa tabaka. Bahati mbaya, mabwawa mengi yamezibuliwa kwa tingatinga katika miaka ya karibuni, jambo jema kwa mfugaji mwenye kiu. Tope limerundikwa ukingoni likiwa limepinduliwa, la zamani juu na jipya chini, na limechanganyika kiasi cha kutosomeka. Sasa kila nifikapo kwenye bwawa lililozibuliwa huzunguka kwanza upande wa kijito kinakoingilia, ambako matete huizuia mashine isifike, na hapo ndipo ninapozamisha bomba la kuchotea sampuli.