Pipi za vijiti za Krismasi: tunayoambiana jikoni na ukweli wa sukari

"Koroga bila kupumzika, isije ikashika chini." Hilo ndilo neno la kwanza analoambiwa mtu anayetaka kuwapikia watoto pipi za vijiti za sikukuu, na ndilo linaloharibu sukari kuliko yote. Sukari si uji. Ukishayeyusha vikombe 2 vya sukari katika theluthi 2 za kikombe cha maji, na sufuria ikaanza kutokota, weka mwiko chini. Kukoroga hukutanisha chembe za sukari zikashikana upya. Hata punje moja iliyokaukia ukingoni ikidondoka ndani, nyingine huijia, na sufuria nzima hugeuka mchanga. Mara yangu ya kwanza nilipata bonge jeupe linalokwaruza ulimi, nikailaumu sukari ya dukani kwa kuwa ilikuwa ya kahawia kidogo. Sukari haikuwa na kosa. Siku hizi naifunika sufuria dakika 2 au 3 inapoanza kuchemka, mvuke uoshe kingo, kisha nafunua na kuiacha.

Limau nalo wengi hudhani ni la ladha tu. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari ikawa sukari sahili mbili, glukosi na fruktosi, na hizo mbili huzuia punje zisijipange upya. Kijiko 1 cha chai cha maji ya limau kinatosha kwa kipimo hicho. Ukizidisha, pipi itanata. Ndiyo maana anayeacha maji na kupikia juisi tupu ya pasheni, akidhani ni bora zaidi, mara nyingi huambulia kitu cha kuvutika: asidi imezidi, na sukari za tunda huungua mapema. Rangi na ladha tia mwishoni, sufuria ikishatoka motoni na povu limetulia.

Sasa kuhusu joto. Wapo wanaosema bila kipimajoto pipi haziwezekani, na wapo walio nacho wanaofuata namba za mapishi ya Ulaya na Marekani neno kwa neno. Wote wanakosea. Mapishi hayo husema nyuzi 149 hadi 154 za Selsiasi, lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Basi toa 4 katika kila namba ya mapishi. Kabale, mji wa milimani, karibu mita 2,000, toa 6 au 7. Unachotafuta hasa ni maji yatoke, mpaka yabaki kama asilimia 1 tu, na huku juu maji hutoka mapema. Anayengoja 154 akiwa Kabale atapitiliza, maji yakiwa yametoka kupita inavyotakiwa.

Asiye na kipimajoto achukue bakuli la maji baridi, adondoshe tone la sukari ndani. Likipindika kati ya vidole, bado. Likikatika kwa mlio kama kijiti kikavu, tayari. Kipimo hiki hakijali mlima wala bonde, na mimi nakiamini kuliko chombo chochote. Anayepikia sigiri apunguze makaa mapema, kwa sababu dakika za mwisho joto hupanda haraka.

Jambo ninalowasihi wote wasilizembee ni kuungua. Sukari ya nyuzi 146 hunata kwenye ngozi na kuendelea kuipika. Jikoni utasikia: paka dawa ya meno, paka samli, vunja yai. Hapana. Mwagia maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa dakika 20, wala usiibandue sukari iliyoshika. Kusipokuwa na bomba, weka jerikeni lililojaa karibu kabla hujawasha moto. Watoto wakae mbali mpaka pipi zimeganda. Kazi yao ni kuzifunga.

Je, pipi huwapandisha watoto wazimu? Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa majaribio ambayo watoto na wazazi hawakujua nani amepewa sukari. Haikuonekana kubadilisha tabia zao. Wanaruka kwa sababu ni Krismasi na binamu wamefika kutoka kijijini. Meno ndiyo ya kuangaliwa. Asali badala ya sukari haiyaokoi meno hayo, na mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa. Pipi ngumu zenyewe zingoje mpaka avuke miaka 4, asije akapaliwa.

Vijiti vya mishikaki vinafaa, ila kata ncha. Sahani ipakwe mafuta kidogo. Na friji uisahau: pipi ikitoka kwenye baridi, unyevu wa hewa hutua juu yake, ikaanza kutoa jasho. Iache igande mezani kama nusu saa, kisha kila moja ifungwe upesi kwa kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, na kukazwa uzi shingoni, kabla hewa ya mvua haijaifikia. Zikae kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Nazipika tarehe 20 Desemba, na siku ya Krismasi bado zinalia chini ya jino.