Kikao cha Ushauri kwa Simu Ukiwa Matembezini: Njia Unayopita Ndiyo Chumba

Tunapoelekea Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, kitengo chetu cha ushauri nasaha hapa Dodoma kimepokea malalamiko mengi kutoka pande mbili. Wateja wanasema siri zao zimefika mtaani. Ndugu wa wateja nao wanasema tunawaachia wagonjwa watembee barabarani wakiongea peke yao na kufuta machozi, hadi majirani wanauliza kuna nini nyumba ile. Wote wanazungumzia jambo moja: kikao cha simu kinachofanyika mteja akiwa anatembea. Huduma hii tunaiamini na hatuna mpango wa kuifuta. Tunachotaka ni ieleweke.

Nianze na hilo la "kuongea peke yake". Anayetembea na spika za masikioni akizungumza na mwanasaikolojia wake yuko kwenye matibabu, sawa na anayefungwa bandeji zahanati. Tumelieleza hili kwenye mikutano ya mitaa, tumelieleza redioni, na kila wiki linarudi vilevile. Naomba lifike mwisho. Na mtu kulia ndani ya kikao hakumaanishi ugonjwa umezidi. Mara nyingi ndiyo siku kazi imefanyika.

Wapo wanaosema tiba bila ofisi si tiba. Agosti 1910, Sigmund Freud alimsikiliza mtunzi wa muziki Gustav Mahler kwa takriban saa nne huku wakitembea mitaa ya Leiden, Uholanzi. Kuhusu simu, utafiti wa Chicago uliochapishwa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 325 wa sonona (huzuni nzito isiyoondoka), baadhi wakitibiwa ana kwa ana na wengine kwa simu. Walioacha tiba njiani walikuwa asilimia 32.7 upande wa ana kwa ana na asilimia 20.9 upande wa simu. Tiba ilipoisha, nafuu ya makundi yote mawili ilikuwa karibu sawa. Miezi 6 baadaye, waliokuwa wakionana na mtaalamu uso kwa uso walikuwa mbele kidogo. Kwa sababu hiyo hatumwachii mteja simu peke yake. Kila baada ya vikao vitatu vya simu tunamtaka aje kituoni, na anayekataa kuja tunasitisha vikao vya simu mpaka aje.

Kutembea kunaongeza nini? Hapa nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana ndipo watu hawapaoni. Kijana wa miaka 25 ukimkalisha mbele ya mama wa umri wa mamaye, atakujibu "niko poa" dakika arobaini nzima, macho kwenye vidole vya miguu. Kijana huyohuyo akiwa njiani, hakuna anayemtazama usoni, miguu ina kazi yake, na maneno yanatoka. Tunaliona hili zaidi kwa wanaume.

Kuna mama mmoja nimebadilisha habari zake ili asitambulike, naye ameridhia niziandike. Alifiwa na mwanawe. Ofisini alikaa na mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba, na kila swali akajibu "namshukuru Mungu". Tukahamia simu, akawa anatembea kando ya mashamba ya zabibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wiki ya tatu nilikuwa nasikia kandambili zake zikipiga changarawe, mwendo mmoja, haupungui. Akafika kwenye habari ya siku ile, akataja jina la mtoto, na nyayo zikasimama. Nikasikia upepo, na mbuzi mbali. Sikusema kitu. Baada ya muda akasema, "Nimesimama, dokta." Nikamwambia, "Nimesikia, mama. Simama tu." Ofisini nisingejua kwamba panapouma ni pale hasa.

Sasa njia. Unapochagua pa kupita, umechagua chumba cha matibabu, na chumba hicho hatuwezi kukufungia mlango sisi. Malalamiko mengi ya siri kuvuja tuliyoyafuatilia yameishia hapo: mteja alipita katikati ya mtaa wake, akiongea kwa sauti ya kushindana na bajaji, mwingine simu ikiwa kwenye spika. Halafu lawama zinakuja kwetu. Dodoma ni mji wa salamu. Ukipita Majengo au Nkuhungu jioni, utasema shikamoo, utaitikia marahaba, utajibu "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ya wazee, na kila ukikata maneno kusalimia, tulichokuwa tumekifikia kinapotea. Huwezi kumpita mzee bila kumsalimia, na hatukutumi ufanye hivyo. Chagua njia ambayo hawakujui: mtaa wa pili, pembezoni mwa mashamba, uwanja wakati hauna watu. Lakini usiende mahali ambapo ukiita hakuna atakayesikia, hasa akina dada. Makorongo na vichaka nyuma ya Mlima Simba si njia ya kikao.

Barabarani, tembea upande wa kulia ili magari yawe yanakuja mbele yako, na sikio moja liwe wazi. Bodaboda haisubiri mtu anayelia.

Upepo wa hapa kwetu unameza maneno, hasa kuanzia mchana. Weka maikrofoni ya spika zako za masikioni ndani ya khanga au kola ya shati. Jua nalo si suala la starehe tu kwa wanaotumia baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Anayetumia klopromazini ngozi yake huungua upesi juani, kwa hiyo matembezi yake ni asubuhi na mapema, mikono imefunikwa. Anayetumia lithiamu akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa inaweza kupanda kwenye damu hadi kumdhuru, kwa hiyo chupa ya maji ni sehemu ya dozi. Amitriptilini huleta kizunguzungu, hasa ukiinuka ghafla.

Utaratibu wetu ni huu, na hauna njia ya mkato. Unasaini fomu ya ridhaa kituoni kabla ya kikao cha kwanza cha simu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi. Ridhaa ya "sawa dokta" kwenye ujumbe wa simu hatuipokei. Unaandika namba iliyosajiliwa kwa jina lako, unaandika njia utakayopita, na unaandika mtu mmoja wa kumpigia dharura ikitokea. Sisi ndio tunapiga. Usibipu. Akipokea mtu mwingine tunasema tutapiga baadaye, hatutaji jina la kitengo. Simu ikikatika tunapiga tena mara mbili ndani ya dakika tano. Tusipokupata, na ulikuwa katika hali ya kututia wasiwasi, tunampigia yule uliyemwandika.

Mtumishi wetu akitoa taarifa zako kinyume cha sheria hiyo, adhabu yake kwa mtu binafsi ni faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Lalamiko unalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako uchunguzi hupewa siku 90, nazo zinaweza kuongezwa. Hatutakuchukia kwa kulipeleka. Na kwa waume, wake na wakwe wanaoweka programu za kunasa simu za wenzao "ili kujua anaambiwa nini": Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010 inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Ndoa si leseni. Ukitaka kujua mwenzako anaendeleaje, muulize, au omba mje wawili.

Si kila mtu tunamruhusu kutembea. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia, aliyeanza dawa mpya wiki hii, anayesikia sauti zinazomwamuru, na mwenye mawazo ya kujidhuru, hao tunaonana nao ana kwa ana, na wakizidiwa waletwe hospitali saa hiyohiyo. Kwa ushauri wa afya wa haraka, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Kosa la mwisho ni la kumalizia kikao mlangoni. Mteja anakata simu, anaingia ndani macho mekundu, mama mkwe anauliza, na yote yanaanza upya. Dakika kumi za mwisho geuza urudi polepole, na kabla ya kuingia nyumbani kaa mahali. Mama yule ana jiwe lake chini ya mbuyu, hatua kama mia kutoka kwake. Tukishaagana hukaa pale, anakunywa maji, anakung'uta vumbi miguuni kwa pindo la khanga, ndipo anakwenda kuwasha jiko.