Kidoa kidogo hivi, kwa nini kovu lirefuke mara nne?

Mama mkubwa wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, alitolewa kile kidoa cheusi cha mgongoni, kamba ya sidiria ilikuwa inakikwaruza kila siku. Sindano ya ganzi, dakika kama 20, akarudi nyumbani na miguu yake. Wiki mbili baadaye nyuzi zikatolewa, tukaona mstari wa karibu sentimita 2 na nusu, na kidoa kilikuwa milimita 6 tu! Nikasema kwa uhakika kabisa: munganga alikuwa anafuata mzizi.

Hakuna mzizi. Nalirudia kwa sababu karibu kila mtu niliyemuuliza anaamini upo. Kidoa ni seli za rangi ya ngozi zimejikusanya pamoja, zingine juu juu, zingine chini kidogo, basi. Nywele ikiota juu yake ni nywele tu. Kikinyolewa usawa wa ngozi, seli za chini zinaweza kubaki na rangi ikarudi, hapo ndipo watu wanasema mzizi umechipuka. Halafu ile ya kwamba kikiguswa na kisu kinageuka kansa: kisu hakigeuzi kidoa kizuri kuwa kansa, ila kuna vinavyokatwa vikiwa ni kansa tayari na hakuna aliyejua, ndiyo maana kile kinyama kinatakiwa kiende maabara, na ndiyo maana dawa za kuunguza za sokoni zinanitia hofu, zinachoma juu na hakibaki cha kupima.

Sasa urefu. Chukua kipande cha kitenge, kata tundu la duara kama kifuniko cha chupa, halafu vuta kingo mbili zikutane ushone. Katikati panafunga vizuri, lakini kule mwisho, huku na huku, kitambaa kinazidi na kinasimama kama vipembe. Kata tena, safari hii umbo la jani, limechongoka pande zote mbili, shona: kinalala. Ngozi nayo iko hivyo hivyo. Vile vipembe madaktari wanaviita masikio ya mbwa, na ili visitokee jani linakatwa urefu kama mara 3 ya upana. Milimita 6, ongeza 1 kila upande, inakuwa 8, mara 3 ni 24. Ndiyo kovu la mama mkubwa!

Na jani lilale kuelekea wapi? Mwaka 1861 Karl Langer, mtaalamu wa anatomia wa Vienna, alichapisha kazi yake ya kutoboa maiti kwa chuma cha duara, mfano wa msharasi wa fundi viatu, na matundu mengi hayakubaki duara, yalijivuta yakawa mipasuko myembamba yenye mwelekeo wake. Ngozi imevutwa muda wote. Kovu likifuata mvuto huo mara nyingi linakuwa jembamba, ingawa karibu na viungo mwelekeo huo unabadilika, na madaktari wengi wanaifinya tu ngozi kwanza waone inakunjika vipi.

Hata jani zuri halizuii keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, hasa kifuani na mabegani, na ngozi nyeusi kama yetu inaipata zaidi. Mama mkubwa ana moja sikioni tangu alipotoboa akiwa msichana, akamwonyesha munganga kabla ya sindano. Kovu la mgongoni bado tunaliangalia, mpaka leo limelala.