Fremuweki ni nini, na kwa nini humsumbua mzoefu

Mwenye Probox yake Kisumu akitaka kwenda Busia, huwasha gari akaondoka. Akipenda atasimama Luanda kununua ndizi, asipopenda atapita. Siku akijiunga na sacco ya matatu, mambo hugeuka: kuna steji, kuna foleni, na kuna mtu wa kumwambia zamu yake imefika. Kuendesha bado anaendesha yeye, ila saa ya kuondoka si yake tena.

Ndivyo maktaba na fremuweki zinavyotofautiana katika uandishi wa programu. Maktaba ni msimbo uliokwisha kuandikwa, unaouita unapouhitaji. Fremuweki hukuita wewe. Unaandika fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, unaiweka mahali palipoagizwa, basi. Ombi likifika kwenye seva, fremuweki hulipokea, hulikagua, hutafuta ni fanksheni gani inayohusika, ndipo huiita. Aliyewahi kuunganisha tovuti na malipo ya M-Pesa ameshaonja hali hii: unaacha anwani, na jibu la kwamba mteja amelipa linakujia lenyewe.

Wengine husema kiunzi, na neno si baya. Mbao zikishasimama, huamui tena mlango ukae wapi.

Kila kiunzi kina alama za aliyekijenga. Django, ya lugha ya Python, ilianzia kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kwa kuwa ilizaliwa kwenye chumba cha habari, huja na kurasa tayari za kuingizia na kuhariri taarifa, maana waandishi hawakuwa na muda wa kungoja fundi.

Sasa, umfundishe vipi mtu aliyeandika programu miaka kumi? Kosa la kawaida ni kuanza na sintaksia, yaani kanuni za kuandika msimbo, na mimi pia nimelifanya. Kufika saa nne watu wako kwenye simu zao. Dereva wa lori la masafa hafundishwi gia. Mpe ombi moja alifuate tangu linapoingia hadi jibu linapotoka, huku mkifungua faili za fremuweki yenyewe. Hata ikila asubuhi nzima, haijapotea.

Kisha mwonyeshe pale uzoefu wake unapopofushwa. Chukua orodha ya matatu 50, kila moja na jina la mmiliki wake, wamiliki wakiwa kwenye jedwali lao. Angeandika kwa mkono SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, angeunganisha majedwali hayo mawili kwa swali moja bila kufikiri mara mbili. Lakini katika Django anaandika kitu kama gari.mmiliki.jina ndani ya kitanzi kinachopitia magari moja moja, mstari mzuri usio na kosa lolote la kuonekana. Nyuma ya pazia, swali moja huleta magari, halafu kila gari hutuma swali lake kumtafuta mmiliki. Jumla 51. Kwenye kompyuta yake yenye magari matatu ya majaribio hatagundua kitu. Sacco ikishaingiza magari yake yote ndipo ukurasa huanza kukokota.

Usimweleze. Washa kumbukumbu ya maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata, fungua ukurasa, mtazame yakishuka kwenye skrini. Ataisaka mwenyewe select_related, amri ya Django ya kuleta magari na wamiliki wake kwa swali moja, chai ikiwa bado ya moto.