Dawa ya Virusi Kujaribiwa Dhidi ya Saratani: Maana Yake

Kuipa dawa kazi mpya ni kuichukua dawa iliyokwisha kuidhinishwa kwa ugonjwa mmoja na kuipima upya, kwa taratibu za kisayansi, ili kujua kama inafaa kwa ugonjwa mwingine. Zidovudini, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la AZT, iliipita njia hii kinyumenyume: ilitengenezwa Marekani mwaka 1964 ikikusudiwa saratani, ikashindwa, ikawekwa kando, hadi mwaka 1987 ilipoidhinishwa kuwa dawa ya kwanza ya VVU.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Nairobi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibaini katika maabara kwamba lopinavir, ambayo ni dawa ya VVU, huua seli zenye virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Tatizo lilikuwa kipimo, kwa kuwa kiasi kilichohitajika kilizidi sana kile kinachoifikia shingo ya kizazi mtu anapomeza dawa. Kwa hiyo wanawake waliojitolea Nairobi, ambao hawakuwa na VVU, hawakuimeza, bali waliiingiza kapsuli ukeni wenyewe, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili. Kati yao, 23 walikuwa na mabadiliko makubwa ya seli yanayoweza kugeuka saratani, na baada ya wiki 12 wengi wao hawakuonekana tena nayo.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini hayajawa tiba. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, na mabadiliko ya aina hiyo wakati mwingine hupotea yenyewe. Isitoshe, yaliyotibiwa ni mabadiliko ya awali, si saratani yenyewe. Hata usalama, ambao ndio faida kuu ya dawa kongwe, hujulikana kwa kipimo na njia ya matumizi ya zamani tu. Kapsuli iliyozoeleka tumboni ni jambo jipya kabisa ukeni.

Kwa hiyo mwanamke anayemeza lopinavir kwa ajili ya VVU asidhani kwamba tayari amekingwa. Bado anapaswa kwenda kliniki, ambako muuguzi hupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe, ishara kwamba huenda kuna mabadiliko ya seli.