Uzururaji ni kosa gani?

Kuzurura, kwa lugha ya nyumbani, ni kwenda huku na huku bila shughuli maalumu. Mtoto akitumwa mkate akachelewa, mamake atasema kaenda kuzurura, na hapo hakuna jinai. Neno hubadilika likifika kituoni. Kisheria, mzururaji ni mtu anayeonekana mahali pa umma bila kazi wala njia inayojulikana ya kujikimu. Mwizi hushikwa kwa alichoiba. Mzururaji hushikwa kwa jinsi alivyo: gunia begani, nguo chafu, kalala barazani mwa duka pale Mwembe Tayari, Mombasa.

Dhana hii tuliletewa na Waingereza. Mwaka 1898, Mombasa ikiwa makao makuu ya himaya yao ya Afrika Mashariki, zilitungwa kanuni za kumzuilia aombaye au azungukaye bila kazi. Walichotaka ni mikono ya kufanya kazi. Neno kibarua latokana na barua, yaani kile kijikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa. Kuli wa bandarini aliweza kubeba mizigo siku chache, akipata cha kumtosha akakaa. Serikali ikamwona mzembe. (Yeye angesema anapumzika.)

Kenya iliifuta Sheria ya Uzururaji mwaka 1997, ila misako haikwenda nayo. Kanuni ya Adhabu ilikuwa na kifungu chake cha 182 kuhusu watu wazembe na wakorofi, na kaunti nazo zina sheria ndogo za usafi na kero. Sheria ndogo hizo husimamiwa na askari wa kaunti, ambaye si polisi, ingawa aliyeamshwa usiku wa manane hana nafasi ya kuuliza sare ni ya nani.

Yeyote akikamatwa, ibara ya 49 ya Katiba yataka aelezwe sababu papo hapo na, kwa kawaida, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kwa hiyo kumpakia mtu kwenye lori na kwenda kumshusha nje ya mji si kumkamata. Hapo hakuna shtaka wala hakimu, pana safari tu, na wengi hurudi kwa miguu.

Desemba 2020, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zizifute au zizirekebishe. Hayo yalikuwa maoni ya ushauri. Hayafungui mlango wa seli.